Theluji Hatuna, Baridi Tunayo!

Wenzetu wa Ulaya wanasubiri Desemba ndipo watembee kwenye theluji. Kipupwe chetu kinaanza Juni, na kama unataka kukionja wewe na mwenzako, panda Ufipa.

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuiona ile picha. Mvulana na msichana, makoti marefu, skafu shingoni, wanapanda kilima wameshikana mikono huku theluji ikiwaangukia mabegani. Kwenye filamu wakifika hapo ujue wameshapatana. Na wewe umekaa sebuleni kwako Dar, feni inazunguka, shati limegandia mgongoni, unamwambia mwenzako, "Jamani, wenzetu wanafaidi!"

Sasa tuwe wakweli. Theluji ya kudumu Tanzania tunayo sehemu moja tu, juu kabisa ya Kilimanjaro yenye mita zake 5,895, na hiyo nayo inatuaga. Barafu iliyokuwepo kule mwaka 1912, zaidi ya robo tatu yake imeshayeyuka. Kuifuata kunataka siku tano au zaidi, wapagazi, na pesa ambayo wengi wetu tungeona heri tununue kiwanja. Ukienda Makete na Kitulo, Juni na Julai utakuta nyasi zimekuwa nyeupe asubuhi kwa sakitu, ambayo nayo inafanana na theluji ukiitazama kwa jicho moja.

Lakini nani kasema lazima iwe nyeupe? Kinachowasogeza karibu wale wa kwenye filamu ni baridi. Na baridi tunayo, tena ya kutosha kumfanya mtu mzima aoge siku moja aruke moja.

MEZA KATI YA MAZIWA MAWILI

Fungua ramani ya Tanzania, tazama kusini magharibi. Utaliona Ziwa Tanganyika limejinyoosha mpakani, na upande wa mashariki yake Ziwa Rukwa, dogo na la kina kifupi. Katikati ya maziwa hayo kuna nchi iliyonyanyuka kama meza. Hiyo ndiyo Ufipa, na Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, imekaa juu ya meza hiyo kwenye mita kama 1,800 hivi.

Maji ya Tanganyika yapo mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na Rukwa imepishana naye kidogo. Kwa hiyo mtu anayetoka ufukweni mwa lolote kati ya maziwa hayo anapanda kilomita moja nzima kwenda juu ndipo afike Sumbawanga. Na kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Kule chini mtu yuko na singlendi, huku juu mwenzake kavaa koti la marehemu babu yake, na wote wamo katika mkoa mmoja!

Ongeza na jambo la pili. Mvua zikishakatika, kuanzia Mei, anga la Ufipa huwa jeupe bila wingu. Mchana jua linawaka vizuri, lakini usiku ule ukosefu wa mawingu ni kama nyumba isiyo na dari. Joto lote la ardhi linapaa. Upepo mkavu wa kusini mashariki nao haukuti mti wa kuuzuia, maana sehemu kubwa ya uwanda huu ni nyasi tupu na vilima. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa Mzungu hiyo ni hali ya hewa ya kwenda kununua mkate. Kwa mtoto wa Magomeni ni habari nyingine kabisa.

"UMEPANGIWA WAPI?"

Wasomaji wetu wengi mnaifahamu Sumbawanga kwa njia moja: barua ya ajira. Mwalimu, daktari, afisa wa benki, mhasibu wa halmashauri, anafungua barua, anasoma, kisha kimya. Ndugu wanaanza. "Sumbawanga? Mbona mbali?" Ni kweli, kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Na hapo bado hujasikia utani wa uchawi. Eti wanaotania hawajui kwamba kwa Kifipa jina lenyewe linatafsiriwa kuwa "tupa uchawi". Yaani ukifika, hayo mambo yako yaache hapo hapo!

Kwa ndoa changa barua ile ni mtihani. Mmoja anakwenda, mwingine anabaki "mpaka tuone". Miezi inapita, hakuna anayeona chochote. Ninawajua wengi walio katika hali hiyo, na wawili kati yao nimetembea nao Ufipa kipupwe kilichopita. Wameniruhusu niandike, ila majina nibaki nayo mwenyewe.

Yeye ni rafiki yangu tangu chuo, afisa kilimo. Mumewe ni mhasibu katika kampuni binafsi Dar. Wameoana miaka mitatu, na karibu miwili kati ya hiyo wameishi kwa simu. Siku zote anayesafiri ni mke. Shemeji alikuja mara moja tu, msimu wa mvua, akakaa ndani siku nne akitazama mpira, akaondoka. Sasa ofisi ilikuwa imemwambia mke kuna nafasi ya kuongoza kitengo, ambayo ina maana ya kubaki Sumbawanga miaka mingine kadhaa. Alipomweleza mumewe kwenye simu, akajibiwa, "Tutaongea." Hawakuongea. Kila wakigusia, mtandao ulikuwa unasumbua. Na mnajua wenyewe kwamba mtandao husumbua zaidi pale maneno yanapokuwa mazito.

Kulikuwa na kitu kingine kidogo ambacho hata wao hawakukifikiria. Shemeji alikuwa na desturi ya kumpigia mkewe saa 12 na nusu asubuhi, jua la Dar likichomoza, kabla hajaingia kwenye foleni. Lakini Sumbawanga iko magharibi sana. Saa ni moja nchi nzima, ila jua la kule linachelewa kama nusu saa nyuma ya la Dar. Julai, saa 12 na nusu Sumbawanga bado ni giza na baridi ndiyo imefika kileleni. Mke anapokea akiwa chini ya mablanketi mawili, sauti nzito, majibu ya neno moja moja. Huku Dar mtu anakata simu akijiambia, "Huyu amebadilika."

KUPANDA MBIZI

Basi Saba Saba ile shemeji akafunga safari. Kwa bahati nilikuwa Sumbawanga kwa kazi zangu, nikaalikwa chakula, na pale mezani nikaona watu wawili wanaopeana chumvi kwa adabu kama wageni kwenye hoteli. Nikasema, kesho twendeni Mbizi.

Milima ya Mbizi iko kaskazini mashariki mwa mji, vilele vyake vinapita mita 2,300, na huko ndiko meza ya Ufipa inapokatika ghafla kuelekea bonde la Rukwa. Msitu wake umehifadhiwa, maji mengi yanayotumika mjini yanatoka huko, kwa hiyo si mahali pa kujiingilia kama sokoni. Mnapitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mnalipa kinachotakiwa na kupata mtu wa kuwaongoza. Wetu alikuwa mzee wa makamo aliyevaa buti za mvua na kofia ya sufi, akatutazama mavazi yetu kutoka juu mpaka chini, hakusema kitu.

Tulianza saa 2 asubuhi, jua likiwa limeshatoka ila halijafanya kazi yoyote. Kwanza mnapita kwenye mashamba. Mahindi yameshavunwa, mabua yamesimama makavu, na hapa na pale utaona matuta ya mviringo kama mikate mikubwa imepangwa ardhini. Hii ni sayansi ya Wafipa wenyewe. Nyasi zinafukiwa chini ya udongo ndani ya tuta, zinaoza, zinakuwa mbolea, halafu tuta linapandwa. Rafiki yangu alisimama akamweleza mumewe jambo hili kwa dakika kumi nzima, mikono inapaa, na nikamwona shemeji anamtazama yeye badala ya tuta. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mkewe akiwa kazini.

Hawa Wafipa, kwa taarifa yako, walikuwa pia wafua chuma wa hali ya juu. Walijenga tanuri za udongo zenye urefu wa karibu mita tatu, ziitwazo ilungu, ambazo zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kupuliza mivukuto. Mabaki yake bado yapo sehemu mbalimbali za uwanda. Ukipita na mwenyeji muulize, atakuonyesha.

Baada ya mashamba ni nyasi. Umande wa asubuhi ile ulikuwa wa baridi kiasi kwamba viatu vikilowa vidole vinauma, halafu vinaacha kuuma, na hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi. Watoto wawili walitupita na ng'ombe wao, wamevaa makoti yanayoburuza, wakatuamkia, wakacheka raba nyeupe za shemeji.

Njia ikawa nyembamba. Na hapa niseme kitu ambacho nimekigundua kwa miaka kadhaa ya kuhariri barua za wasomaji na kutazama watu. Wanandoa wengi tunaambiwa tukae chini, tutazamane machoni, tuzungumze. Wapi! Mkitazamana machoni kila mmoja anasoma uso wa mwenzake na kujibu uso badala ya maneno. Lakini mkiwa mnatembea mmoja mbele mwingine nyuma, mnaangalia njia. Mnapumua kwa shida, kwa hiyo maneno yanakuwa machache. Na mtu akinyamaza hakuna anayenuna, kwa sababu mlima umemnyamazisha.

Mimi na mzee tulikuwa mbele, hatua thelathini hivi. Sikusikia yote na nisingetaka kusikia. Nilisikia vipande. Nilisikia "lakini hukuniuliza". Kimya kirefu. Kisha "na wewe hukuja". Nilitaka kupunguza mwendo nikawasaidie, ndiyo tabia yetu sisi wa magazeti. Mzee akanishika mkono wa koti. "Twende, mwanangu. Baridi hii haimtaki anayekimbia wala anayesimama."

Tukaingia msituni. Joto likabadilika tena, maana ndani hakuna upepo, ila unyevu unakufuata mpaka kwenye mifupa. Miti mingine imevaa ukungu wa kijani kwenye magome kama soksi. Juu kabisa matawi yalitikisika, na kundi la mbega wekundu likatutazama kwa dharau, halafu likaendelea kula majani. Mbega hawa ndio fahari ya Mbizi. Wako hapa wametengwa na wenzao, kwenye kisiwa chao cha msitu katikati ya nyasi, wakitishiwa kila mwaka na moto unaowashwa mashambani kisha ukapanda mlimani. Kama unavuta sigara, acha nyumbani.

Kama saa tano hivi tukatoka upande wa pili, na ardhi ikaisha. Sina namna nyingine ya kulieleza. Unatembea kwenye nyasi, mara mbele yako hakuna kitu, na chini kabisa, zaidi ya mita elfu moja chini, kuna bonde lenye ukungu wa joto na Ziwa Rukwa linang'aa kama bati. Mwaka 1880 Mskoti mmoja wa miaka 22, Joseph Thomson, aliliona ziwa hili kutoka juu ya ukingo huu huu wa Ufipa, akalibatiza Ziwa Leopold. Jina halikushika, watu wa bondeni walikuwa na jina lao tayari.

Upepo pale ukingoni unapiga moja kwa moja. Shemeji alikuwa amevaa kijaketi cha ofisini. Mkewe akafungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya suruali, akamfunika nacho, na yeye akaingia humo humo. Wakakaa hivyo juu ya jiwe, migongo kwetu. Hapo ndipo shemeji aliposema, na hili nililisikia kwa sababu upepo ulikuwa unakuja upande wetu: "Siogopi baridi. Naogopa kuja hapa niwe mume wa afisa kilimo tu, nisiye na kazi."

Huyo ni mwanaume aliyesema kwa miaka miwili kwamba Sumbawanga ni mbali na ina baridi.

Hawakukubaliana siku ile. Ningependa kuwaandikia kwamba walikumbatiana na muziki ukapiga, ila sikuja kuandika hadithi. Mke alisema na yeye anaogopa, kwamba akirudi Dar atapewa meza na kiti na hatagusa udongo tena. Wakaulizana maswali ya hesabu, mshahara gani, kodi gani, nani analipa mkopo wa nani. Tulishuka wanazungumzia kama kuna mashirika au vyama vya ushirika Rukwa vinavyohitaji mhasibu. Mke alichukua ile nafasi. Shemeji alirudi tena Nane Nane, safari hii na buti.

SASA NA WEWE UKITAKA KWENDA

Nenda Juni au Julai. Agosti inafaa pia, ila kadiri siku zinavyosogea nyasi zinachomwa na moshi unaficha bonde. Barabara kutoka Tunduma kupitia Laela mpaka Sumbawanga ni lami, na wale wanaokumbuka vumbi la zamani watakuambia usilalamike. Anayependa reli apande TAZARA mpaka Mbeya, kisha basi.

Mavazi ndiyo wengi tunachemsha. Tunavaa sweta moja nene kama godoro, tunapanda, tunatoka jasho, tunavua, upepo unatupiga tukiwa tumelowa. Vaa nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, na ya juu kabisa iwe ya kuzuia upepo. Anza safari ukisikia baridi kidogo, baada ya dakika kumi utaisahau. Vua moja kabla jasho halijaanza. Jinzi ni nzuri kwa picha, ila ikilowa umande haikauki mpaka jioni. Soksi jozi mbili, moja mfukoni. Soko la mitumba la Sumbawanga lina makoti ambayo Dar hayana mnunuzi, kwa hiyo mkisahau msiwe na hofu. Kina dada, kofia jamani, hata kama umesuka juzi. Na wote wawili bebeni mafuta ya mgando, maana hewa ile kavu inapasua midomo kabla ya saa sita, na midomo iliyopasuka haina mapenzi!

Kunyweni maji hata kama hamsikii kiu. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi, na anayebeba begi abadilishane na mwenzake njiani. Mwendo uwe wa yule anayechoka haraka. Sheria hii haina mjadala. Ukimwacha mwenzako nyuma ukamsubiri juu huku umeshika kiuno, heri mngebaki mjini.

Mkiwa na siku ya ziada, nendeni Wilaya ya Kalambo mkaone maporomoko ya Mto Kalambo mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Upande wa pili, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, umri wake miaka 476,000. Kule ni chini zaidi, joto lipo, makoti mtayabeba mkononi.

Jioni, rudini mjini kabla jua halijazama, kuleni ugali wa ulezi na mgebuka wa kuchoma kutoka Tanganyika, maharage pembeni. Mgebuka ule una mafuta yake mwenyewe, hauhitaji maneno.

Na jambo moja la mwisho ambalo halina utani. Usiku baridi ikizidi, mtu anashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usithubutu! Mkaa unapowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inakulaza usingizi mtamu ambao watu huamka nao maiti, mara nyingi wawili wawili au familia nzima. Kila kipupwe tunasoma habari hizo kutoka mikoa ya baridi. Jiko likae nje. Mkiota moto, oteni barazani, kisha mwageni majivu na muingie ndani mikono mitupu. Ombeni blanketi la tatu mapokezi. Wanayo, kama hawakuwapa ni kwa sababu mliwaambia mnatoka Dar na wao wakadhani mnajua kuulizia.